Namna ya Kutembelea Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kwa Kufuata Njia ya Chakula

Kijiji cha Makumbusho kipo kando ya Barabara ya Bagamoyo, katika Wilaya ya Kinondoni, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania, na tangu miaka ya 1960 kimekuwa kikionesha nyumba za asili za jamii mbalimbali za nchi hii, zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, zikiwa na vyombo vyake vya ndani na vishamba vidogo vya mazao pembezoni. Wageni wengi huzizunguka nyumba hizo upesi, hupiga picha mlangoni, hutazama ngoma, kisha huondoka wakiwa wamebaki na kumbukumbu ya maumbo tu: hii ya duara, ile ya pembe nne, hii ya nyasi, ile ya udongo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuondoka na zaidi ya hayo, awe mzazi anayepeleka watoto waliozaliwa mjini, mwalimu anayeongoza darasa, au kijana anayetaka kujua babu zake waliishije. Msimamo wangu ni kwamba nyumba ya kijijini haieleweki mpaka kwanza ueleweke mlo wa wenyeji wake, yaani chakula kililimwa wapi, kwa zana gani, kwa mvua ya kiasi gani, na kilitunzwaje mpaka msimu mwingine ulipowadia. Kwa sababu hiyo, hatua zilizopo hapa zinaanzia shambani, zinapita kwenye zana, kihenge (yaani ghala la asili la nafaka) na jiko, na nyumba yenyewe inatazamwa baadaye.

Hatua ya kwanza: Chagua siku na saa inayofaa

Mvua za masika jijini Dar es Salaam hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maonesho iko nje, ziara ya wakati huo inaweza kuharibika kwa mvua ya saa moja tu. Miezi ya Desemba hadi Februari nayo ina joto kali linalowachosha wazee na watoto mapema. Mimi hupendekeza Juni hadi Agosti, kwa sababu jua huwa limepungua makali, njia zimekauka, na udongo bado haujasahau mvua. Fika asubuhi, ambapo kuna utulivu na muongozaji ana nafasi ya kujibu maswali bila haraka. Vaa viatu vilivyofunika mguu, beba maji ya kunywa na kofia, na ujipake dawa ya mbu ikiwa mtakaa mpaka jioni.

Tangu mwaka 1994 makumbusho haya yamekuwa yakiandaa Siku ya Utamaduni wa Mtanzania, ambapo jamii moja au zaidi hupewa nafasi ya kuonesha vyakula, ngoma, tiba na kazi za mikono za kwao. Ukisikia kwamba jamii fulani inaandaliwa siku yake, usiikose, maana ndipo utakapowakuta wazee waliotoka huko huko, wanaozungumzia vitu walivyovitumia kwa mikono yao. Hata hivyo, siku hizo huwa na watu wengi na kelele, na si rahisi kukaa mbele ya kitu kimoja kwa dakika kumi. Mwenye uwezo aende mara mbili, siku moja ya shamrashamra na siku nyingine ya kawaida ya kutazama kwa makini.

Hatua ya pili: Usafiri, kiingilio na taarifa kwa uongozi

Daladala nyingi zinazoelekea Makumbusho au Mwenge zitakufikisha jirani kabisa. Mwambie kondakta kwamba unashuka Makumbusho, na kutoka kituoni unaweza kutembea kwa miguu au kuchukua bajaji. Kiingilio hutofautiana kwa raia, wageni kutoka nje, watu wazima, watoto na wanafunzi, kwa hiyo beba kitambulisho, na wanafunzi wabebe vitambulisho vya shule au chuo. Mwalimu anayepeleka kundi kubwa aandike barua mapema, aeleze idadi ya wanafunzi, darasa lao na mada wanayosoma, na aombe muongozaji anayefahamu habari za kilimo. Ombi hilo la mwisho lina uzito, kwa kuwa muongozaji asiyejua unachokitafuta atakupa maelezo ya jumla anayompa kila mgeni.

Uliza pia, ukiwa getini, ni nyumba zipi ziko wazi siku hiyo. Nyumba za fito, udongo na makuti hushambuliwa na mchwa na mvua, nazo hukarabatiwa au kujengwa upya mara kwa mara kama zinavyofanyiwa kijijini. Ukikuta mafundi wanaezeka, hiyo ni bahati, na ninakushauri uache ulichokipanga ukakae nao kidogo, kwa sababu mpango wa fito na namna nyasi zinavyofungwa haviwezi kuonekana pindi nyumba inapokamilika.

Hatua ya tatu: Andaa maswali kabla ya kuondoka nyumbani

Usipange kutazama nyumba zote kwa uzito mmoja. Chagua jamii tatu: moja iwe ya kwenu au ya jirani zenu, nyingine ya sehemu yenye mvua nyingi, na ya tatu ya sehemu kame. Tofauti za jamii hizo tatu zitakufundisha mengi kuliko mzunguko wa haraka wa nyumba kumi na tano.

Siku moja au mbili kabla ya ziara, mpigie simu mzee wa ukoo au mwendee, umwamkie kwa heshima inayomstahili, umuulize mambo machache yaliyo wazi. Swali pana kama "maisha ya zamani yalikuwaje?" huzaa majibu mapana yasiyoshikika. Muulize hivi: "Bibi, mbegu za msimu ujao mlikuwa mnaziweka wapi?" au "Babu, nani alikuwa akilinda ndege shambani, na alikuwa analala wapi?" Maswali ya namna hiyo humrudisha mzee kwenye kitu alichokishika, na kwa kawaida kutoka hapo huendelea mwenyewe. Yaandike majibu yake kwenye daftari utakalokwenda nalo. Ikiwa mzee ana nguvu za kutembea, mchukue mwende naye, na umtafutie kigoda au kiti kila mnaposimama. Mara nyingi atakuwa muongozaji wa pili, na watoto watamsikiliza kwa namna ambayo hawasikilizi kibao cha maelezo.

Hatua ya nne: Anzia kwenye vishamba

Ukishaingia, pita kwanza pembezoni mwa nyumba na utazame kilichopandwa. Taja kila zao, kisha jiulize lilitoka wapi, kwa sababu chakula tunachokiita cha asili kina historia tofauti tofauti. Mtama, uwele, ulezi, kunde na njugumawe ni mazao ya Afrika yaliyolimwa kwa maelfu ya miaka. Migomba na minazi ilikuja kutoka upande wa Asia kupitia Bahari ya Hindi. Mahindi, mihogo, viazi vitamu, maharage na karanga yalitoka Amerika na kufika kwetu baada ya Wareno kuanza safari zao katika pwani hii, yaani kuanzia karne ya 16 na kuendelea. Mtoto anayekula ugali wa mahindi kila siku hustaajabu sana kusikia kwamba babu wa babu zake wengi walisonga ugali wa mtama au uwele, na mshangao huo ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo.

Baada ya hapo, uliza kuhusu mfumo mzima wa shamba. Kwa Wahaya wa Kagera, nyumba husimama katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba lililochanganywa na kahawa, maharage na mazao mengine chini ya kivuli. Udongo wa nyika iliyozunguka vijiji, inayoitwa rweya, ni hafifu kwa sababu mvua nyingi za kando ya Ziwa Victoria zimeuchuja rutuba. Wenyeji walitatua jambo hilo kwa kuhamisha rutuba: ng'ombe walilishwa nyikani mchana, usiku wakalala nyumbani, samadi yao ikawekwa kwenye migomba, na nyasi za rweya zikakatwa na kutandazwa shambani ili kuhifadhi unyevu. Hivyo kibanja kilichoonekana kama zawadi ya asili kilikuwa kimetengenezwa na mikono ya watu kizazi baada ya kizazi. Sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilipoua ng'ombe wengi Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, kilichopotea hakikuwa maziwa na nyama peke yake. Migomba nayo ilikosa mbolea.

Wachagga wa Kilimanjaro walifanya jambo linalofanana na hilo katika vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ila wao waliongeza maji. Walichimba mifereji inayoitwa mifongo, iliyoyachukua maji ya mito ya mlimani na kuyapitisha kwenye miteremko hadi mashambani, na kila mfongo ulikuwa na utaratibu wa zamu ambao mtu hakuruhusiwa kuuvunja. Ng'ombe walifungiwa ndani na kukatiwa majani, na ndiyo sababu nyumba ya kizamani ya Kichagga ilikuwa na sehemu ya mifugo.

Mfano wa tatu ninaoupenda zaidi ni wa Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanaolima kwenye miteremko mikali. Hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana mpaka zinafanya miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Mlima mzima hubaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta, na huo ndio mtindo unaojulikana kwa jina la ngoro. Mvua inaponyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofunikwa huoza zikawa mbolea ya maharage na mahindi yanayopandwa juu ya matuta. Hata usipokuta mfano wake makumbusho, muulize muongozaji habari zake, au mwoneshe mtoto kwa kuchora miraba kwenye mchanga na kumwaga maji kidogo juu yake. Ataelewa papo hapo.

Hatua ya tano: Soma zana kwa macho na, ukiruhusiwa, kwa mikono

Omba ruhusa kabla ya kugusa kitu chochote. Vifaa vingine ni vya kuoneshea matumizi na vinaweza kushikwa, vingine ni kumbukumbu zisizotakiwa kuguswa.

Kitu cha kwanza kukitafuta ni jembe. Jembe lililofuliwa na mhunzi wa kijijini lilikuwa na mkia mwembamba uliopenyezwa kwenye tundu la mpini, na mpini wenyewe ulikuwa na kichwa kinene, aghalabu kutoka mahali tawi lilipokutana na shina, ili usipasuke. Mkia uliwekwa motoni ukaunguza njia yake ndani ya mti, na kila pigo la kulima lilizidi kuukaza. Linganisha na majembe mengi ya kiwandani yenye tundu lao la kuingizia mpini. Kisha angalia ubapa wake. Ukiwa umeliwa upande mmoja kuliko mwingine, unaonesha jinsi mlimaji alivyosimama na jinsi alivyouvuta udongo. Jembe lililochakaa likabaki dogo halikutupwa. Lilifaa kupalilia, kwa kuwa uzito wake mdogo hauichoshi mikono na huweza kupita katikati ya miche bila kuikata.

Chuma cha majembe hayo kiliyeyushwa humu humu nchini. Wafipa wa Rukwa walijenga tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma, na huko Upare ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi ya uhunzi. Jembe lilikuwa pia mali ya kuposea na ya kubadilishana katika safari za biashara. Kijana anayedhani kwamba chuma kililetwa na wageni anapaswa kulisikia hili akiwa amesimama mbele ya jembe lenyewe.

Tafuta pia zana za kulinda mazao, maana watu husahau kwamba kulima ni nusu tu ya kazi. Kwenye mashamba ya mpunga na mtama kulijengwa dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu, ambapo mlinzi, mara nyingi mtoto au mama, alikaa kutwa nzima akifukuza ndege kwa teo (kombeo la kurushia mawe), kwa kelele na kwa kamba zilizofungwa vitu vya kugonga. Nguruwe na nyani walihitaji mitego na kukesha. Mwulize mzee uliyekwenda naye kuhusu dungu, na ukae tayari kusikiliza kwa muda mrefu.

Hatua ya sita: Simama kwenye kihenge

Ukiwa na muda wa kusimama mahali pamoja tu, simama hapa. Kihenge ndicho kilichoamua kama familia itafika msimu ujao, na kila sehemu yake ina sababu.

Kitazame kuanzia chini. Kwa kawaida kihenge huinuliwa juu ya mawe au nguzo ili unyevu wa ardhi usipande na mchwa waonekane mapema. Ukuta wake ni wa fito zilizosukwa, na mara nyingi hukandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, ambayo huzuia nyufa. Paa la nyasi huwa pana kuliko mwili wa kihenge ili maji yadondoke mbali. Muulize muongozaji nafaka ilitolewaje. Baadhi ya vihenge havina mlango: paa huinuliwa pembeni na mtu huingia kwa juu, jambo linalomfanya mwizi aonekane na linalomfanya hata mwenye nyumba afikirie mara mbili kabla ya kuchota. Nafaka ndogo na mbegu zilitunzwa pia kwenye vilindo vya magome ya mti, vibuyu na vyungu vilivyozibwa.

Mbegu zilikuwa na mahali pake pa heshima, juu ya moto. Mahindi ya mbegu yalifungwa pamoja na maganda yake yakaning'inizwa darini au yakawekwa kwenye uchaga juu ya mafiga, ambapo moshi wa kila siku uliyakausha na kuwafukuza fukusi. Maharage na kunde vilichanganywa na majivu, yanayojaza nafasi kati ya punje na kuwazuia wadudu kupita. Hizi ni mbinu za kitaalamu kwa kila kipimo, na zinastahili kuelezwa kwa watoto hivyo hivyo.

Hapa pia ndipo mahali pa kuwa wakweli kuhusu mipaka yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mdudu kutoka Amerika ya Kati alionekana katika maghala ya Tabora, na wakulima wakampa jina la dumuzi. Wengine walimwita Scania. Mdudu huyo hutoboa mahindi makavu na hata miti ya kihenge, na njia za zamani peke yake hazikumtosha. Ndiyo maana leo wakulima wengi hupukuchua mahindi mapema na kuyaweka kwenye vihenge vya chuma au mifuko isiyopitisha hewa. Ukisimulia habari hiyo, mgeni ataona kwamba maarifa ya kijijini hayakukoma. Yalikutana na tatizo jipya na yakalazimika kujibu.

Kwa Wagogo wa Dodoma, ambako mvua ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka na hunyesha katika msimu mmoja, akiba ilikuwa suala la kufa na kupona. Njaa iliyoitwa Mtunya, iliyolikumba eneo hilo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilitokea baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na vijana, kisha mvua zikakosekana. Vihenge vilikuwa vimekwisha kukombwa. Ukimweleza mtoto habari hiyo akiwa ameweka mkono kwenye ukuta wa kihenge, hatakiona tena kuwa kikapu kikubwa tu.

Hatua ya saba: Ingia jikoni

Vyombo vya jikoni vinapaswa kutazamwa kwa mfuatano wa kazi. Anza na kinu na mchi, ambapo nafaka ilitwangwa kuondoa maganda. Endelea na ungo, uliopepeta pumba. Kisha fika kwenye mawe ya kusagia. Jiwe la chini ni pana, limelala kwa mteremko mdogo kumwacha msagaji, na jiwe la juu ni dogo la kushika kwa mikono miwili. Msagaji alipiga magoti upande wa juu, akausukuma uzito wa mwili wake mbele, na unga ukateremka kwenye ungo au ngozi iliyotandikwa mwishoni. Pitisha kiganja, kama umeruhusiwa, juu ya jiwe la chini. Utahisi shimo la kina kifupi lililo laini kuliko kingo zake, lililochimbwa na kusaga tu. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake na mabinti alfajiri, kabla ya kwenda shambani, na ndiyo sababu mashine ya kusaga ilipofika vijijini ilibadilisha asubuhi za wanawake kuliko chombo kingine chochote ninachokijua.

Baadhi ya waongozaji huwaruhusu wageni kujaribu kutwanga. Wape nafasi hiyo watoto wa kiume na wa kike kwa usawa, na wasiishie kutwanga mara mbili kwa ajili ya picha; wapeni kibaba kimoja wakimalize.

Hatua ya nane: Sasa itazame nyumba

Baada ya kupita shambani, kihengeni na jikoni, maumbo ya nyumba yatajieleza yenyewe. Msonge wa Wahaya, yaani nyumba yao ya duara, ulioezekwa kwa nyasi tangu kilele hadi karibu na ardhi, umetoka kwenye nchi yenye nyasi nyingi na mvua nyingi, ambako maji yanapaswa kuteremka upesi na ng'ombe wanapaswa kulala ndani ili samadi yao isipotee. Ingia polepole, usimame mpaka macho yazoee giza, kisha tazama juu jinsi fito zinavyozungushwa pete juu ya pete.

Tembe la Wagogo ni la chini, refu, lenye paa bapa la udongo lililolazwa juu ya miti, na mara nyingi huzunguka ua wa mifugo. Nchi ina jua kali, upepo na nyasi chache za kuezekea, na paa bapa halidhuriwi na mvua haba. Tena lilifaa kuanikia nafaka. Tembe hilo hilo ukilipeleka Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, lingeyeyuka msimu wa kwanza. Huko Wanyakyusa walijenga kwa mianzi inayostawi kwao, na paa likateremka sana. Kwa hiyo, kila unapofika mbele ya nyumba, uliza mambo mawili tu: mvua ya kwao ni kiasi gani, na mifugo ililala wapi. Majibu ya maswali hayo mawili yanaeleza sehemu kubwa ya unachokiona.

Hatua ya tisa: Ngoma, picha na maandishi

Ikiwa kuna ngoma, itazame kwa kutafuta kazi ndani yake. Bugobogobo ya Wasukuma huchezwa kwa majembe mikononi, na asili yake ni vikundi vya kulima kwa pamoja, ambapo mdundo uliwafanya watu kuinua na kushusha majembe kwa wakati mmoja na kusahau uchovu. Upareni watu waliitana kwa msaragambo kwa kazi za kijiji, kama mifereji na barabara. Mweleze mtoto kwamba shamba kubwa lililimwa kwa siku chache kwa sababu ya utaratibu huo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba aliandaa chakula na pombe.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu, uliza kama kuna malipo ya picha, na piga picha za viungo vidogo: fundo la kamba, kona ya paa, mkia wa jembe. Jioni hiyo hiyo, kabla hujalala, andika ulichokisikia na jina la mahali kilikotoka. Rekodi ya sauti ya mzee uliyekwenda naye, hata kwa simu ya kawaida, itunze mahali pawili, na mpelekee nakala yeye na wanaukoo wengine. Kama nyumbani kwenu kuna kilindo, jiwe la kusagia au jembe la kufuliwa lililoachwa stoo, lipige picha, uandike nani alilitumia na wapi, na ulitoe mahali penye unyevu.

Baada ya ziara hii, mwenye nafasi ya kusafiri aende Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, yaliyopo Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza kwenye barabara ya kwenda Musoma. Msingi wake uliwekwa kuanzia miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe, na ndani yake kuna nyumba, zana za kilimo, ngoma za watemi (watawala wa jadi) na jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Tofauti na Dar es Salaam, pale jamii moja imeelezwa kwa kina, hivyo maswali uliyojifunza kuuliza yatapata majibu marefu zaidi. Wakati mzuri ni mwezi Juni, katika sikukuu ya Bulabo, ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Weka nafasi ya malazi mapema, au lala mjini Mwanza na upande daladala za Kisesa asubuhi.